Nani Atabaki Pangoni

Jioni hiyo ya mwaka themanini na tano, Shivachi alitumwa mafuta ya taa tu. Lakini njia ya dukani, pale mtaani Laini Saba, ilipita kwa Abdelkarim, na mlangoni alikaa Muema, rafiki yake wa tangu utotoni, akitikisa dadu. Sikio la kufa halisikii dawa. Akaingia na mtungi wake mkononi.

Mchezo wenyewe Muema aliutoa kwa Wazungu aliokuwa akiwafagilia nyumba: kijitabu na dadu. Abdelkarim alisimulia, wao wawili wakawa watu wa hadithi, dadu ikaamua. Shivachi alikulia vitabu vya mashujaa na majoka, basi kila hatari aliichomolea upanga. Muema alikulia hadithi za majini za nyanya yake kule Kitui. Yeye hakupigana hata siku moja. Alipatana.

"Mko pangoni," Abdelkarim akasema. "Mwenge umezimika. Kuna kitu kinapumua..."

"Nachomoa upanga!"

"Wewe na upanga wako!" Muema akacheka. "Jini hapigwi, buda. Anapewa."

Abdelkarim akainua kikombe anywe chai.

"Nani atabaki?"

Sauti ilikuwa nzito, tena karibu mno. Chumba kikanuka udi, na hakuna aliyeuchoma. Shivachi akamtazama Abdelkarim. Kikombe kilikuwa bado mdomoni, macho yamemtoka.

Muema hakushtuka. Hilo lilimuuma Shivachi kuliko sauti yenyewe.

"Shivachi," Muema akanong'ona. "Shivachi wa Ayuma."

Mezani Shivachi aliitwa Simba Chuma, maana sheria ya mchezo ilikataza majina ya kweli. Na jina la mama, lile waganga hulitaka kwanza, pale alilijua Muema peke yake. Alikuwa amekula ugali wa mama huyo miaka kumi.

Koroboi ikazimika.

"Ni game tu, beshte," Muema akasema gizani. "Hata wewe ungenitaja."

"Mimi? Singekutaja."



Wiki ya tatu sasa. Abdelkarim alichoma kijitabu na hataki kuulizwa. Muema alihamia Kawangware bila hata kuaga. Kikulacho ki nguoni mwako.

Lakini kila jioni, koroboi ikishawashwa, mtu hubisha kwa Shivachi.

"Shivachi wa Ayuma... fungua."

Ni sauti ya Muema. Udi hupenya chini ya mlango. Shivachi hukaza komeo.

Leo mama yake, aliyempenda Muema kama wa kumzaa, ameshashika komeo.

"Mbona humfungulii mwenzako?"