Kikopo cha Masalu

Kwa kawaida kila asubuhi Masalu alikuwa ameshachota maji bombani, amefagia uwanja na kumwogesha mdogo wake Scolastika, naye yuko tayari kwenda shule. Siku hiyo alifanya yote hayo, lakini shule hakwenda. Mama yake aliwachukua wote wawili hadi zahanati, nje kidogo ya mji wa Mhunze, kwa kuwa Masalu alitakiwa kupimwa tena.

Majuma machache nyuma alikuwa akikojoa damu. Bernadina, mtaalamu wa maabara wa zahanati hiyo, aliona mayai ya kichocho katika mkojo wake, na Masalu akapewa vidonge. Vilikuwa vikubwa na vichungu, vikamtia kichefuchefu mchana kutwa. Damu ilikoma, ila Bernadina alisisitiza kwamba damu kukoma si kupona. Lazima mkojo upimwe tena.

Masalu alipokabidhiwa kikopo, aliingiwa na hofu. Je, wakiyaona tena mayai? Akakumbuka ule uchungu wa dawa. Basi akamshika Scolastika mkono, wakaenda naye msalani, akamwambia akojoe kwenye kikopo. Scolastika alionekana mzima, hajawahi kulalamika. Masalu akarudisha kikopo, roho imetulia.

Baadaye Bernadina aliwaita ndani. Alisema mayai yamo tena mengi, hivyo Masalu angemeza dawa upya. Mama alishika tama.

Masalu alimtazama mdogo wake, aliyekuwa akichezea kandambili zake sakafuni. Wote wawili walikuwa wamezoea kuoga katika lambo moja, bwawa la kunyweshea ng'ombe ambamo kichocho huambukizwa. Scolastika hakuwa ameanza shule, wala hakuwahi kupata dawa za kichocho zinazogawiwa huko. Kama Masalu angenyamaza, vidonge angemeza yeye, na minyoo ya kichocho ingebaki kwa mdogo wake.

"Mayu," alimwambia mama yake kwa sauti ndogo, "ule mkojo si wangu. Ni wa Scolastika. Niliogopa dawa."

Mama akamvuta Masalu karibu. Bernadina hakugomba. Alitoa kikopo kingine, na safari hii Masalu alikijaza mwenyewe. Darubini haikuonyesha yai hata moja. Alikuwa amepona hata kabla ya kuja siku hiyo.

Scolastika alilishwa uji kwanza, akapimwa urefu ili ijulikane anywe vidonge vingapi, akapewa vidonge vyake. Alikunja uso. Masalu akamshikia kikombe cha maji na kumbembeleza mpaka akamaliza. Mama aliahidi kumrudisha kupimwa majuma machache yakipita, akasema kwamba lambo sasa ni la ng'ombe tu.

Wakati wa kuagana, Bernadina alimwekea Masalu mkono begani.

"Kipimo hakijui jina lililoandikwa juu ya kikopo," alisema. "Kinamsema mwenye mkojo. Ukikidanganya, mgonjwa anakosa dawa na mzima anaimeza. Leo umesema kweli, mwanangu, na ukweli wako umemtibu mdogo wako."