Kazi Yako ni Kuondoka

Mpiga picha alikutwa amekufa ndani ya kibanda cha matete kando ya ziwa, kamera bado imesimama kwenye miguu yake mitatu. Shingo ilikuwa na alama nyekundu. Mkanda wa kamera haukuwepo.

"Amenyongwa kwa nyuma," alisema daktari wa polisi. "Asubuhi hii hii."

"Na mashahidi wote wameruka," alinong'ona sajenti, akitazama maji yasiyo na bata hata mmoja.

Inspekta hakucheka. Alikuwa akipitia picha ndani ya kamera. Bata mwitu wamelala, vichwa vimefichwa mbawani, karibu na kibanda kabisa. Picha ya mwisho tu ndiyo ilikuwa vurugu: mbawa, matone, maji yaliyochafuka.

Nyumbani, mjane alikuwa amekumbatia koti la mumewe.

"Pole sana, mama. Alikwenda peke yake?"

"Atawapataje peke yake, afande? Bata wakiona mtu kaingia kibandani, hawasogei karibu. Lazima waingie wawili, kisha mmoja aondoke waziwazi. Bata hawajui kuhesabu. Wanadhani pamebaki patupu."

"Anayeondoka ni nani?"

"Shemeji yangu. Siku zote ni yeye."

Kituoni, mdogo wa marehemu aliketi, viganja amevibana mapajani.

"Asubuhi ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nimelala. Kaka alikwenda mwenyewe."

Inspekta alimwekea picha mezani. "Bata hawa wametulia. Nani aliondoka?"

Kijana aligeuza uso ukutani.

"Fungua viganja."

Kila kiganja kilikuwa na mchubuko mwembamba, kama wa kuvuta kamba.

"Mkanda uko wapi?"

"Nimeutupa ziwani. Nilifika barabarani, nikarudi. Nilitaka nikae naye, nitazame mara moja tu. Bata wakaniona, wakaruka wote. Hata hakugeuka, afande. Akasema, 'Kazi yako ni kuondoka, na hiyo nayo imekushinda?'"

"Kwa neno hilo ukamuua kaka yako?"

"Kibanda nilikijenga mimi! Matete nilikata mimi, maji yamenifika kifuani. Yeye akasifiwa. Picha zake sikutazama hata moja. Niliapa nitawaona bata wenyewe kwa macho yangu."

Sajenti alimfunga pingu. Kijana akainama juu ya meza, akaivuta ile picha kwa vidole viwili, akaitazama kwa muda mrefu.

"Kumbe hulala hivi," alisema.