Nati ya Gurudumu la Kushoto

Jumamosi asubuhi duka la spea lilikuwa limejaa hadi mlangoni, kila mteja ameinua kipuri chake juu ya vichwa vya wenzake ili muuzaji akione. Katikati ya msongamano alisimama msichana mwembamba mwenye gauni la njano alilolishona mwenyewe. Alikuwa fundi cherehani, na mtaani walimwita Sindano, kwa wembamba wake na kwa ulimi wake.

"Nataka beringi mpya ya gurudumu kama hii," alisema, akifungua gazeti alilokuwa ameifungia ile ya zamani.

"Hiyo haijafa," sauti ikasema nyuma yake. "Ina kiu tu."

Aligeuka. Kijana mrefu, ovaroli ya buluu imepauka magotini, kucha nyeusi, macho yametulia.

"Nani kakuuliza?"

"Hakuna."

"Sasa?"

"Sasa nimenyamaza."

Akanyamaza kweli, na hilo ndilo lililomuudhi Sindano. Alimfuata hadi nje amweleze maana ya kiu ya chuma. Hivyo ndivyo alivyojuana na fundi wa magari ambaye wenzake walimwita Kimya.

Alasiri ile gari kuukuu aliloachiwa na marehemu baba yake lilikuwa juu ya jeki uani kwao. Kimya aliziosha beringi kwa mafuta ya taa, akazikausha, akaweka grisi kiganjani na kuzigandamizia humo hadi grisi ikachomoza upande wa pili.

"Ukipaka juu juu ni sawa na kumpaka mtu uji midomoni ukasema ameshiba," alisema.

Alirudisha gurudumu la kushoto, akakaza nati huku akilizungusha, kisha akailegeza kidogo na kuchomeka pini.

"Mbona unalegeza tena?" aliuliza kaka yake Sindano, aliyekuwa ameegemea ukuta.

"Nati ikibanwa sana, beringi itaungua."

Kaka mtu akaguna na kuingia ndani.

Baada ya hapo zikaja simu.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula."

"Maneno yako unayaweka akiba ya uzeeni?"

"Nakuwekea wewe."

Sindano alicheka peke yake cherehanini hadi mteja akauliza kama kaptula yake ina kichekesho. Mwezi haukuisha, Kimya akaanza kumwita mama yake Sindano "mama".

Kisha ikaja siku ya kliniki. Sindano alikuwa akimpeleka mama yake, akasikia mkwaruzo mbele kushoto, halafu harufu ya kuungua. Kabla hajasimama, gurudumu liliganda na gari likapanda ukingo wa barabara. Mama alivunjika mkono.

Kimya alifika hospitali akihema. Sindano hakumngoja akae.

"Fundi gani wewe? Nimekukabidhi gari la baba yangu, umemvunja mama yangu."

"Niangalie ile nati kwanza."

"Hutaangalia kitu. Unatafuta wa kumsingizia?"

Kimya alimtazama kaka mtu aliyesimama kando ya kitanda, macho sakafuni. Akamtazama mama aliyekuwa akiuma kanga kwa maumivu. Akafunga mdomo, akaondoka. Usiku huo Sindano aliifungia namba yake.

Gari lilivutwa hadi nyumbani, likapata beringi mpya. Siku moja wakila, mama, mkono ukiwa kwenye plasta, alimwambia mwanawe wa kiume alikague na gurudumu la kulia kabla hawajapanda tena.

"La kulia halina neno," alijibu akitafuna. "Hilo sikulikaza mimi."

Kijiko cha Sindano kikabaki njiani.

"Sema tena."

"Lile la kushoto lilikuwa linacheza. Nikadhani yule jamaa kafanya uzembe, nikaibana nati yake kwa spana ndefu. Nia yangu ilikuwa njema."

"Nia njema ndiyo iliyokuziba mdomo hospitali?" Sauti yake ilikuwa ya chini, na kaka mtu akasogeza kiti nyuma. "Umenitazama nikimtukana mtu, ukanyamaza. Mama yuko hapo na plasta yake. Mwombe radhi yeye, mimi usiniombe kwanza."

Walichukua teksi, yeye na mama, hadi gereji. Kimya alikuwa chini ya lori. Alitoka, akamwona, akaendelea kufuta spana.

"Nimekukosea," Sindano alisema. "Ni kaka."

"Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu hospitali, nilipoona macho yake. Hukuniuliza, ulinihukumu. Nikaona siwezi kumtaja mtoto mbele ya mama yake aliyevunjika."

Hapo hasira ambayo Sindano alikuwa ameimeza njiani ikarudi yote.

"Ulijua, ukaniacha? Angekuwa amebana na lile la kulia je? Ningempandisha mama tena humo, wewe ukiwa umekaa na heshima zako?"

Kimya aliiweka spana chini.

"Hilo sikulifikiria," alisema. "Niliwaza uchungu wangu tu. Hapo nimekosa."

"Umekosa sana."

"Na wewe pia."

"Na mimi pia."

Walisimama wakitazamana, wote wawili wamekunja uso.

"Nimechoka kununiana nawe kila mtu kwao," Kimya alisema. "Nataka tununiane nyumba moja. Nikuoe."

"Utakuwa unasema ukijua jambo?"

"Nitasema."

"Basi anza na mama. Yuko nje kwenye teksi."

Kimya alitoka na ovaroli yake, akainama dirishani. "Shikamoo mama."

"Marahaba. Mkono wangu unauma, na nimewasikia hapa dirishani: ulijua ukakaa kimya." Mama alisogea, akampisha nafasi kwenye kiti. "Panda, mwanangu. Nataka kusikia yote, na huyu dereva hana haraka."

Akapanda na grisi yake mikononi. Alianza kueleza gari likiwa bado halijaondoka, na walipofika nyumbani alikuwa hajamaliza.