Jiwe Lililoolewa Mara Tatu

Apolinary akikumbuka kwao Nyegina, kitu cha kwanza anachosikia ni jiwe. Ko, ko, ko. Hapo mama yake, Dafroza, anachongoa jiwe la kusagia.

Jiwe la kusagia likitumika sana linakuwa laini. Ulezi unateleza tu juu yake, unga hautoki. Basi unachukua jiwe lingine, dogo, jeupe, gumu kweli kweli. Unaligonga lile kubwa mpaka lipate meno tena.

Ilikuwa miaka ya shida. Mashine ya kusaga ilikuwepo, dizeli haipo. Sukari haipo. Sabuni watu wanaisikia redioni. Wanawake wakarudi kwenye mawe ya bibi zao. Asubuhi kijiji kizima kinagonga, ko, ko, ko, huku furu, visamaki vya ziwani, wameanikwa juu ya mwamba nyuma ya nyumba. Siku hizo furu walikuwepo bado.

Apolinary naye alikuwa na ugonjwa wake. Akiona jiwe zuri haliachi. Alikwenda Bunda na timu ya shule, akarudi na mawe. Akapelekwa Butiama kwa wajomba, akarudi na mawe. Yote anatia kwenye gunia la salfeti, anasukuma chini ya kitanda.

"Huyu atajenga," majirani walisema. "Nyumba anayo tayari kitandani."

Siku moja jiwe jeupe la mama likapotea. Dafroza akalitafuta jikoni, akalitafuta shambani. Mwisho akamtazama vibaya jirani yake Getruda, na Getruda akaacha kuja kuomba moto kwa mwezi mzima. Baadaye dizeli ikarudi, watu wakapeleka nafaka mashineni, na mambo ya jiwe yakasahaulika.

Miaka ikaenda. Ikaja ile tunayoiita miaka ya ruksa. Maduka ya Musoma mjini yakajaa, mitumba ikatundikwa mpaka barabarani. Kila mtu akawa anatafuta cha kuuza. Apolinary alikuwa amemaliza kidato cha sita, na jeshi la kujenga taifa amemaliza. Kufaulu alifaulu, fizikia, kemia na hesabu. Sasa yuko nyumbani na fomu ya kuomba chuo kikuu Dar es Salaam. Mahali pa kuandika somo alikuwa ameandika, kwa penseli kwanza, neno moja: jiolojia. Ilibaki sahihi ya mzazi.

Baba yake, Mzee Magesa, aliishika fomu kama mtu anayeshika samaki asiyemjua.

"Hii jiolojia ndiyo nini?"

"Ni elimu ya miamba, baba. Na udongo. Na maji ya chini."

"Miamba."

"Ndiyo, baba."

"Miaka mitatu?"

"Mitatu."

Mzee alitazama nje. Nyuma ya nyumba yake miamba imepangana mpaka ziwani. "Mimi nimeishi na haya mawe miaka hamsini na sita," alisema. "Hakuna aliyenipa digrii." Akaikunja fomu, akaichomeka juu, penye fito za paa. "Andika sheria nitatia sahihi. Andika udaktari nitatia sahihi. Mawe tutaongea."

Fomu ilitakiwa itumwe kabla mwezi unaofuata haujaisha. Zilibaki wiki tano.

Hapo ndipo akatokea Boniphace, binamu yake Apolinary, mtoto wa baba mkubwa. Alikuwa ametoka machimbo ya dhahabu, amevaa kofia ya ngozi na anaongea kama meneja. Alipoambiwa habari ya salfeti ya mawe alicheka, halafu akaacha kucheka. Akasema, "Hebu yamwage."

Akachagua jiwe moja jeupe. Akalivunja nusu, nusu moja akaitwanga kwenye kinu cha chuma, akaiosha kwenye karai polepole. Chini ya karai ukabaki mstari mwembamba wa njano.

Watu watatu waliinama juu ya karai: Boniphace, Apolinary na Mzee Magesa.

"Hili jiwe ulilitoa wapi?" Boniphace aliuliza.

Apolinary alitazama mawe yote yaliyomwagika pale chini. Arobaini na kitu. Hakuna hata moja aliloliandikia lilikotoka. Bunda? Butiama? Au ni hapa hapa? Baba yake alikuwa anamtazama, na macho ya baba yalikuwa yamejaa mabati ya nyumba mpya.

"Nafikiri," alisema, "ni pale juu ya shamba letu la mihogo."

Hilo neno nafikiri likawapotezea wiki nne.

Walichimba. Boniphace aliweka masharti yake ya machimboni. La kwanza na kubwa: mwanamke asikaribie shimo, asiambiwe, asilione jiwe. "Dhahabu inakimbiaga," alisema. "Nimeona kwa macho yangu." Basi Dafroza akaambiwa wanachimba choo. Alishangaa choo kwenda kuchimbwa juu ya mihogo, lakini akaendelea kuwapikia.

Shimo likafika urefu wa mtu, likapita. Udongo mwekundu, halafu changarawe, halafu udongo tena. Njano hakuna. Apolinary alikuwa chini na sururu mchana kutwa. Akitoka jioni anaitazama ile fomu kwenye fito, imeanza kushika masizi. Zilibaki siku nne. Alijiambia tukipata, nitakwenda mwakani. Mwenyewe hakujiamini. Alikuwa amewaona wengi waliosema mwakani.

Siku ya Alhamisi Landrova ya Idara ya Maji ikasimama barabarani. Akashuka mama mmoja wa miaka thelathini hivi, amevaa suruali na buti, nyundo kiunoni. Aliitwa Ursula. Kwao ni Bunda. Kazi yake ilikuwa kutafuta mahali pa kuchimba kisima cha pampu, na mtu wa misheni alikuwa amemwambia upande wa kwa Magesa kuna shimo limeshachimbwa, akaangalie udongo.

Boniphace, aliyekuwa juu ya shimo akivuta udongo, alimwona kwa mbali akipanda. Akamkimbilia.

"Mama, samahani, simama hapo hapo. Hapa wanawake hawafiki."

"Kwa nini?"

"Ni choo."

Ursula alitazama mihogo, akatazama shimo, akatazama nyumba mbali kule chini. "Mnakula nini nyie," aliuliza, "mpaka mpange safari ya kwenda chooni?"

Dereva alicheka mpaka akakaa chini. Apolinary, ambaye bado alikuwa ndani ya shimo, alicheka pia, mara yake ya kwanza kucheka kwa wiki nne.

"Wewe wa chini," Ursula alisema, na sauti yake ikabadilika. "Toka. Sasa hivi. Shimo limewapita urefu, ukuta ni changarawe, na hamjaweka hata mti mmoja wa kuzuia. Hapo mvua ikinyesha wanakufukua na majembe. Toka tuongee huku."

Alitoka. Mzee Magesa naye akaja. Ikabidi waseme ukweli, na Apolinary akatoa mfukoni ile nusu ya jiwe iliyobaki.

Ursula hakulitazama kwanza. Aliuliza, "Limetoka wapi?"

"Nafikiri..."

"Sikuulizi unafikiri nini. Uliandika?"

"Hapana."

"Basi kwa sasa hili ni jiwe la kurushia mbwa." Alisema bila ubaya, kama dada anavyosema. Akavua lensi iliyokuwa inaning'inia shingoni, akaweka jiwe karibu na jicho. "Lakini linaongea kidogo. Njoo uone. Huu weupe, na huku ubavuni pamebaki ganda. Rangi gani?"

"Kijani. Kijani nyeusi."

"Na mwamba wa hapa kwenu, huo mnaoanikia dagaa?"

Apolinary aligeuka. Kijivu, una chembe chembe, unang'aa jua likiupiga. Amelala juu yake utoto wote.

"Si huu," alisema polepole. "Jiwe halikuzaliwa hapa."

"Haya. Umemaliza somo la kwanza la mwaka wa kwanza."

Mzee Magesa alikohoa. "Kwa hiyo wewe, mwanangu, ulisoma hiyo jiolojia?"

"Ndiyo, baba. Hapo Dar."

"Mwaka wa kwanza mlichimba nini?"

"Hatukuchimba kitu. Tulitazama. Madini na miamba, kuijua kwa rangi, kwa ugumu, kwa uzito. Na kemia, na hesabu. Mwaka wa pili ni ramani. Likizo wanawatupa porini wiki kadhaa, mnatembea na dira na daftari, kila jiwe unalolitoa unaliandika namba na mahali. Mwaka wa tatu unapewa eneo lako mwenyewe, unalichora lote, unaandika ripoti, unasimama mbele ya walimu wanakuuliza mpaka jasho linakutoka."

"Halafu unakwenda kutafuta dhahabu," Boniphace alisema.

"Wengine. Sasa hivi makampuni yanaanza kuja, yatataka watu. Lakini mimi natafuta maji. Mwenzangu niliyesoma naye yuko idara ya barabara, anasema daraja likae wapi. Mwingine yuko kiwanda cha saruji. Mtu akitaka kujenga kitu kizito, au kuchimba kitu kirefu, anamuuliza kwanza mtu wa namna hii. Asipouliza," akaonyesha shimo kwa nyundo, "anachimba choo."



Waliteremka nyumbani, maana Ursula alitaka maji ya kunywa. Dafroza alikuwa anachambua dagaa ukumbini. Aliwapa maji, wakasalimiana, na Ursula akaweka lile jiwe mkekani apate kushika kikombe vizuri. Boniphace alinyoosha mkono alifiche. Alichelewa.

"Hee," alisema Dafroza. "Jiwe langu."

Akaliokota, akaligeuza upande uliovunjika.

"Nani amelivunja jiwe langu? Polinari, ni wewe? Na mimi nilimnunia Getruda wa watu mwezi mzima."

"Mama," Apolinary alisema, "hili jiwe ni lako?"

"La kugongea. Nilikuja nalo siku naolewa. Mama yangu alinipa kule Butiama, akasema mawe ya ziwani yanavunjika, chukua hili. Naye alipewa na mama yake alipoolewa kutoka Nyamuswa. Na huyo bibi wa Nyamuswa alikuwaga nalo tangu aolewe pale, kwao sikupajua. Wanasema ni mbali."

Ursula aliweka kikombe chini. Alitoa daftari, akaanza kuandika, na mabega yake yalikuwa yanatikisika kwa kicheko alichokibana. "Jiwe limeolewa mara tatu," alisema. "Na wanaume wamelitafutia kwao wiki nne."

"Mngeniuliza," Dafroza alisema. "Mimi si nilikuwa hapa hapa napika."

Mzee Magesa alitazama mikono yake. Ilikuwa na malengelenge. Mwisho akamuuliza Ursula, "Wanafundisha hivyo? Kuuliza kwanza?"

"Ndiyo kazi yenyewe, baba. Mawe yenyewe yanakuja baadaye." Akamgeukia Dafroza. "Na mimi nikuulize, mama. Hapa karibu, kiangazi kikiwa kikali, nyasi zinabaki kijani wapi?"

Dafroza hakufikiri. "Kule penye ufa, kati ya mawe mawili makubwa. Mbuzi wote wanakwendaga huko."

"Maji ya chini kwenye mwamba kama huu yanakaa ndani ya nyufa. Twende ukanionyeshe."

Walipoondoka, Mzee Magesa alisimama juu ya kigoda, akaivuta fomu kutoka kwenye fito. Akaipangusa masizi kwa kiganja, akaharibu zaidi. "Kalamu," alisema. Akatia sahihi yake ndefu, ile aliyofundishwa na mapadri. Halafu akamrudishia mwanawe. "Hiyo penseli futa. Andika kwa wino."

Apolinary alikwenda Musoma siku hiyo hiyo ndani ya Landrova, fomu kwenye bahasha, bahasha kifuani. Posta walikuwa wanafunga. Ursula aligonga dirisha na nyundo, taratibu tu.

Wiki iliyofuata mvua ilinyesha. Asubuhi walipokwenda shambani shimo halikuwepo. Lilikuwa limejifunga lenyewe na sururu ya Boniphace ndani. Mzee Magesa alisimama pale akahesabu watoto wake kimoyomoyo, ingawa wote aliwajua wako nyumbani.

Kisima cha pampu kilichimbwa penye ufa, na maji yakatoka. Apolinary alichaguliwa. Enzi hizo ukichaguliwa serikali inakulipia kusoma na kula. Mwaka wa kwanza alitazama, wa pili akachora ramani, wa tatu akasimama mbele ya walimu jasho likamtoka. Akapata kazi ya kutafuta maji kwanza, halafu kampuni zilipokuja akafanya za madini. Ametembea Tanzania karibu yote na nyundo kiunoni.

Lakini jioni, akiwa kambini mbali, moyo unarudi Nyegina. Anakumbuka mwamba wa furu, furu ambao sasa sangara amewamaliza. Anakumbuka masizi kwenye fomu. Na kijiji kikigonga asubuhi.

Likizo moja alifika nyumbani, akamkuta mama yake ana mvi, anasaga ulezi kidogo wa uji, maana unga wa mashineni anasema hauna ladha. Apolinary akaomba lile jiwe jeupe, nusu iliyobaki. Akaketi, akaandika juu yake namba moja kwa wino mweusi. Halafu akafungua daftari lake la kazi.

Namba 1. Mahali: Nyegina, jikoni kwa Dafroza. Kabla ya hapo, Butiama. Kabla ya hapo, Nyamuswa. Kabla ya hapo, bado tunauliza.

Mama yake alikuwa anamtazama, mkono ameunyoosha.

"Umemaliza kuandika?"

"Nimemaliza, mama."

"Basi lete. Ulezi unateleza."

Akampa. Ko, ko, ko.