Gitaa Linalolia Mkunazini

Wiki moja kabla ya Ramadhani, mtaa wa Mlandege huwa hauna pa kuweka mguu. Kila mtu ana kitambaa mkononi na kila mtu anataka nguo yake ya Idi iwe ya kwanza kushonwa. Tahiya alikuwa ameinamia cherehani yake kwenye baraza ya duka la vitambaa, mtandio wa zambarau umefungwa kwa nyuma, jasho linamtiririka shingoni, ndipo suruali mbili za kijivu zilipotua mbele yake.

"Asalamu alaykum, fundi."

"Waalaykumu salamu. Zina nini hizi?"

"Zimechakaa."

"Hilo naliona. Nakuuliza zimechakazwa na nini."

Aliyezileta alikuwa kijana mrefu mwenye kofia iliyodariziwa kwa mkono na shati jeupe lililopigwa pasi vizuri. Hakujibu. Tahiya alizigeuza zile suruali. Kwa miaka tisa ya ushonaji alikuwa amejifunza kuwajua wanaume kwa nguo zao. Dereva huchakaza makalioni. Mchuuzi hutoboa mifuko. Anayeswali sana hupauka magotini, kwa mbele. Lakini hizi zilikuwa zimelika pembeni mwa magoti, ndani na nje, mguu wa kulia na wa kushoto.

"Unafanya kazi gani, kaka?"

"Natengeneza spika na redio. Duka lile pale."

"Spika unazisugua kwa magoti?"

"Basi sema nnapanda punda."

"Punda huchakaza ndani tu. Hizi mpaka nje."

Kijana alicheka, na meno yake yalikuwa mazuri. "Mie naitwa Kheir. Ukiendelea kunipeleleza hivyo, bora unijue na jina."

"Na mie naitwa Fundi. Njoo Jumanne."

Alipoondoka, Riyama, shoga yake aliyekuwa akiuza vitambaa kwenye duka hilohilo, aliinua kichwa. "Huyo kageuka kukutazama mara mbili. Suruali zenyewe kisingizio."

"Hajasema anafanya nini nazo," alisema Tahiya. Ndilo lililomkaa moyoni.

Jumanne Kheir alikuja. Jumatano akaleta shati ambalo halikuwa na kasoro yoyote. Ramadhani ilipokwisha walikuwa wakipigiana simu kila siku.

"Umekula, roho yangu?"

"Bado. Wewe?"

"Nshakula. Pweza."

"Bila ya mimi? Una moyo wa jiwe, Kheir."

"Nimekubakishia mkia."

"Pweza hana mkia, muongo mkubwa!"

"Ndiyo maana nimekubakishia."

Tahiya alicheka mpaka Riyama akamtupia kipande cha kitambaa. Alikuwa na miaka thelathini na moja, na kwa muda mrefu hakuwa amecheka hivyo. Mume wake wa kwanza, Anuar, alimuoa kwa maneno matamu. Kila Tahiya alipomuuliza habari za maisha yake, Anuar alimjibu kwamba angemwambia yote baada ya nikaha. Baada ya nikaha Tahiya alikuta mke na watoto wawili huko Wete, Pemba. Tangu siku hiyo kila usiku alimuomba Mola wake jambo moja, asiingizwe tena ndani ya nyumba asiyoijua.

Kwa hivyo aliona haraka. Kila Jumapili na Jumatano, tangu alasiri mpaka magharibi, simu ya Kheir ilikuwa imezimwa.

"Ulikuwa wapi?"

"Kazini, mpenzi."

"Duka lenu Jumapili linafungwa. Nimepita."

"Kazi nyengine."

Siku nyengine walikuwa wamesimama Darajani wakinywa maji ya miwa, naye akauona mkono wa kulia wa Kheir karibu. Kwenye kidole gumba, cha shahada na cha kati palikuwa na alama, ngozi imebonyea kama iliyobanwa na pete.

"Unavaa pete?"

"Sivai," alisema Kheir, akautia mkono mfukoni.

Mambo yalikuwa hivyo pale wazee wa Kheir walipovuka kutoka kisiwa cha Tumbatu kuja kuposa. Walipokewa na Mudrik, kaka yake Tahiya, mwalimu wa madrasa, ambaye tangu baba yao kufariki ndiye aliyekuwa walii wake, msimamizi wa ndoa yake. Mudrik aliwakirimu kahawa na haluwa, akawaambia watapata jibu Ijumaa ya pili, baada ya alasiri. Kisha akamwambia dada yake, "Mie simjui huyu. Unayemjua ni wewe. Utakalosema ndilo nitakalowajibu."

Tahiya aliitikia kwa kichwa. Hakuweza kumwambia kaka yake kwamba hata yeye hakumjua.

Jumatatu asubuhi Riyama aliingia dukani hata buibui hajalivua.

"Shoga, kaa kitako. Jana nimemuona Kheir wako Mkunazini. Kaingia ile nyumba yenye picha ya Bikira Mariamu juu ya mlango. Kabeba na biskuti za vileja."

"Labda ana spika ya kutengeneza."

"Na vileja? Kafunguliwa mlango na mwanamke. Uso sikuuona, nimeona mkono, una bangili. Na wenzetu Wakristo, Tahiya, wakifunga ndoa huvaa pete. Si wewe mwenyewe umeniambia ana alama ya pete?"

"Alama tatu, Riyama."

"Basi kaoa mara tatu!"

Riyama alicheka peke yake. Jioni ile Tahiya aliswali istikhara, akakaa muda mrefu juu ya msala. Alijua dhana mbaya ni dhambi. Aliomba aondolewe dhana, au aonyeshwe kweli. Kisha akachukua simu.

"Kheir, kuna jambo unanificha?"

Angesema hakuna, Tahiya asingemuamini. Lakini alichosema kilikuwa kibaya zaidi.

"Lipo, roho yangu. Ntakwambia baada ya nikaha."

Tahiya alikata simu. Ilipolia tena aliitazama tu.

Jumatano, baada ya alasiri, alivaa buibui jeusi lisilo na urembo, akaingia vichochoro vya Mkunazini. Nyumba aliiona. Picha ya Bikira Mariamu ilikuwa juu ya mlango, imefifia kwa jua. Alisimama chini ya dirisha akijiambia kwamba angehesabu mpaka kumi, kisha arudi nyumbani.

Hakufika kumi. Kutoka juu ilikuja sauti ya mwanamke. Haikuwa ikisema neno. Ilikuwa inalia. Ilipanda taratibu, ikatetemeka kule juu, kisha ikateremka kama mtu anayemeza machozi mbele ya wageni. Tahiya aliijua sauti ile. Ndivyo alivyolia yeye siku aliporudi kutoka Wete.

"Kamliza," alijisemea. "Kamwambia anaoa mwengine, na mwenzangu analia."

Tangu azaliwe hakuwahi kuingia nyumba ya mtu bila ya kupiga hodi. Siku ile alipanda ngazi za mbao mbilimbili na kuusukuma mlango.

Hapakuwa na mwanamke anayelia. Palikuwa na bibi kizee kwenye kiti cha ukili, gauni la maua, bangili mikononi, rozari mapajani, macho meupe kwa mtoto wa jicho. Na mbele ya dirisha alikuwapo Kheir. Alikuwa amekaa nyuma ya kitu mfano wa meza nyembamba yenye miguu minne, nyuzi kumi zimelazwa juu yake. Miguu yake ilikuwa juu ya pedeli. Pande zote za magoti yake vilikuwapo vyuma vidogo vya kusukumwa. Mkono wa kushoto ulishika kipande cha chuma cha mviringo juu ya nyuzi, na wa kulia ulivaa vijipete vyenye kucha, kwenye kidole gumba, cha shahada na cha kati.

Sauti ile ya kulia ilikuwa bado inaning'inia chumbani, ikitoka kwenye nyuzi.

"Mbona umeacha?" aliuliza bibi kizee. "Pale pa kupanda umekwenda mbio. Nazareti alikuwa anapavuta pole pole."

"Kuna mgeni, Bi. Filomena," alisema Kheir. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. "Ni Tahiya."

"Ndiye huyu wa suruali? Na kwao hawafundishwi hodi?"

Tahiya aliona haya mpaka masikioni. "Nisamehe. Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Vileja vipo."

Alikaa, na Bi. Filomena akamueleza. Mumewe, Mzee Nazareti, Mgoa wa asili ya India, mzaliwa wa hapo hapo Mkunazini, alikuwa fundi wa mitambo ya meli. Lile gitaa la pedeli alilinunua bandari ya mbali huko Amerika, akalibeba kama mtoto. Jumamosi alipiga muziki wa bluzi hotelini, na Jumapili nyimbo za injili kanisani. Hakuimba hata mara moja, kwa kuwa alikuwa na kigugumizi. Nyuzi ndizo zilizomsemea. Nyimbo zake hakuziandika popote. Alipofariki, na spika ikaharibika, waliitwa mafundi, akaja Kheir.

"Kaitengeneza, kisha kaomba kuijaribu kwa gitaa," alisema bibi. "Utotoni alifundishwa kupiga kanuni, kile chombo cha nyuzi cha taarabu. Kanuni nayo hulazwa, nayo hupigwa kwa pete za vidole. Sasa mie namuimbia kwa pua, yeye anazitafuta kwenye nyuzi. Nna miaka themanini na moja. Nikiondoka nazo zimekwenda."

Tahiya alimshukuru, akaomba ruhusa. Kheir alimfuata mpaka kwenye ngazi.

"Kwa hivyo huna mke," alisema Tahiya bila ya kugeuka.

"Sina."

"Na dini hukubadili."

"Alasiri nimeswali msikiti huo wa chini kabla ya kupanda. Kamuulize muadhini."

"Basi 'baada ya nikaha' ya nini?"

Kheir aliegemea ukuta. "Kabla yako nilikwenda kuposa nyumba moja Mtoni. Nikawaeleza mapema. Siku ya pili wakairudisha posa. Binti yao hawampi mpiga nyimbo za kanisa. Nikasema mara hii ntanyamaza mpaka…"

"Mpaka nishafungwa."

Kheir alikubali kwa kichwa.

"Anuar naye alininyamazia mpaka nikafungwa," alisema Tahiya. "Yeye alificha mke, wewe umeficha gitaa. Lakini mlango mmeingilia mmoja."

"Si sawa, Tahiya. Wallahi si sawa."

"Si sawa kwako. Mie niliyekaa nje ya mlango naona ni ule ule." Alishuka ngazi moja. "Ijumaa kaka yangu anatoa jibu. Kabla hajalitoa, ulilete gitaa kwake. Ulipige mbele yake."

"Mudrik? Mwalimu wa madrasa? Atanifukuza."

"Huenda."

"Basi ntakukosa."

"Na mie ntakukosa. Lakini ntajua nimemkosa nani."

Ijumaa alasiri iliswaliwa, watu wakatoka msikitini. Wazee wawili wa Kheir walikuwa wameshakaa barazani kwa Mudrik. Kheir hakuwapo. Tahiya, kanga mpya ya rangi ya machungwa imemfunika mpaka kiunoni, alikaa kizingitini mwa chumba cha ndani. Alipiga simu. Imezimwa. Akapiga tena. Moyo wake, ambao tangu Jumatano ulikuwa umetulia kidogo, ukarudi kule kule. *Kakimbia. Wote hukimbia.*

Mudrik alishakohoa ili aanze kusema, Kheir akatokea kichochoroni na gunia begani, spika mkononi, shati limemganda mgongoni. Wazee wake walipoona anachokitoa waliangaliana kwa hofu.

"Nini hicho?" aliuliza Mudrik.

"Gitaa, mwalimu. Kabla hujajibu, Tahiya anataka ulisikie."

Alichomeka spika, akapiga nyimbo mbili. Ya kwanza ilikwenda pole, inapanda kama mtu anayeinua mikono ya dua. Ya pili ilikuwa nzito, inajikokota, inaomboleza. Jirani mmoja alisimama njiani na kapu lake, akasahau kuondoka.

"Hii ya mwanzo ni ya kanisani?" aliuliza Mudrik.

"Ndiyo, mwalimu. Haina maneno, lakini kwao ina maneno."

"Na ya pili?"

"Bluzi. Ya watu waliotumikishwa, wakaimba machungu yao."

"Unaswali?"

"Naswali."

Mudrik alizivuta ndevu zake. "Mie sijaipenda," alisema. "Nakwambia kweli. Lakini hukunidanganya, na ungeweza." Akageuza uso. "Tahiya!"

"Naam, kaka."

"Umesikia. Una la kumuuliza?"

Tahiya alimtazama Kheir moja kwa moja, mbele ya wazee, jambo ambalo si desturi.

"Kuna jengine?"

Kheir alifikiri. Angesema halipo, posa ingekwisha salama. Mzee wake mmoja alikuwa anamkonyeza aseme hivyo.

"Lipo," alisema. "Gitaa hili siliachi. Leo ukiniambia niliache ntakwambia ndiyo, na ntakuwa muongo. Jumapili na Jumatano ntakwenda Mkunazini hata nikishaoa, mpaka Bi. Filomena amalize nyimbo zake."

Mudrik alisubiri. Tahiya naye alikuwa kimya, ameinamisha kichwa.

"Dada yangu," alisema Mudrik kwa upole, "kimya chako hakinitoshi. Mwanamwali akinyamaza tunajua amekubali. Wewe ulishaolewa. Sharia inataka nisikie kwa mdomo wako."

Tahiya aliutafuta moyo wake. Dhana haikuwa imetoka yote. Alijua ingerudi, Jumapili moja au nyengine, simu itakapozimwa. Lakini alikuwa ameuliza na akajibiwa, mchana, mbele za watu, jibu lililoweza kumkosesha mwenyewe mke. Katika dua zake zote hakuwahi kuomba zaidi ya hilo.

"Nimeridhia," alisema.

Kheir aliweka mkono juu ya nyuzi, kana kwamba anaogopa zisije zikalia zenyewe. "Sema tena," alinong'ona.

"Wee!" alifoka Mudrik. "Mara moja yatosha!"

"Nimeridhia," alisema Tahiya, safari hii bila ya kuulizwa na kaka yake.