Wimbo Uliozidi

Albamu ilikuwa na nyimbo tisa, na kuhusu hilo usibishane na Zoraiz. Kijana huyo wa Samanabad, Lahore, alikuwa hakumbuki siku ya kuzaliwa ya mama yake mzazi, lakini alijua ni katika wimbo gani mpiga ngoma alipiga chafya wakamwacha hivyo hivyo. Tisa. Alikuwa ameisikiliza mwaka mzima, asubuhi akipiga mswaki, mchana akikatakata video za harusi za watu kwenye studio ya mjomba wake, jioni juu ya paa. Sasa jioni hiyo ya Desemba wimbo wa tisa ukaisha, gitaa likafifia, akainua mkono avue hedifoni, na mtu akaanza kuimba.

Hakukuwa na gitaa wala ngoma. Sauti tu.

Subiri kwanza umjue huyu bwana, maana ukimwonea huruma mapema utaharibu. Zamani yeye na wenzake walikuwa wanne, wakajiita Kamati ya Paa. Kila Desemba walipanda juu na spika moja iliyopasuka, karanga za moto na blanketi, na kila mmoja akaja na albamu zake kumi bora za mwaka. Si albamu za mastaa. Ni za zile bendi ndogo za roki zisizo na kampuni wala meneja, vijana wanaorekodi chumbani wameegemeza magodoro ukutani ili jirani asipige simu polisi. Walisikiliza, wakatukanana hadi koo zikawakauka, wakashuka wakiwa marafiki zaidi. Halafu Mobeen akaenda Kanada. Mwingine akaenda Ujerumani. Wa tatu akaoa, na huko ndiko mbali kuliko kote.

Mwaka huu Zoraiz aliandika kwenye grupu la simu, "Wazee, lini tunataja albamu?" Akajibiwa kwa vidole gumba viwili. Aliyeoa hata hakufungua ujumbe.

Basi akawa anazipanga mwenyewe, kama mtu anayecheza karata peke yake na bado anaiba. Ya kwanza alishaijua: *Shangazi Anauliza*, ya bendi ya Karachi iitwayo Fundi Hayupo. Ndiyo hiyo iliyokuwa masikioni mwake. Ndiyo hiyo iliyozidisha wimbo.

Ile sauti haikuwa ya kiume wala ya kike. Ilikuwa imekauka kidogo, kama ya mtu aliyekaa muda mrefu bila kusemeshwa. Iliimba juu ya mtu anayetandika kitanda cha wawili na kulala ukingoni, na mwisho wa ubeti ikateremka pole pole, mahali ambapo mwimbaji mwingine yeyote angepanda. Zoraiz nywele zikamsimama. Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Wah," akasema. "Mukarrar."

Hapo ndipo alipoharibu, na ni kosa la mtu wa Lahore hasa. Mtu wa kule akisikia kitu kizuri hawezi kunyamaza. Kwenye baraza za ushairi na nyimbo, ubeti ukimgusa atasema "mukarrar", yaani rudia, na mwimbaji aliyeambiwa hivyo sharti arudie. Ni heshima, na ni deni la heshima. Kamati ya Paa waliliokota neno hilo kwa babu zao wakaanza kulirusha kwa magitaa ya vijana wenye chunusi. Kwa kanda na simu halina madhara. Chombo hakisikii.

Sauti ikarudia ubeti.

Zoraiz akatabasamu. Kisha tabasamu likamganda usoni. Akavua hedifoni, akaziweka mapajani, akazitazama. Ubeti uliendelea. Ulitoka upande wa tangi la maji, pale ambapo moshi wa jiji wa msimu wa baridi ulikuwa mzito kiasi kwamba huoni nyumba ya pili, na pamoja nao ikaja harufu ya udongo uliotoka kunyeshewa mvua, wakati Lahore ilikuwa kavu kama kisigino cha mzee.

Mtu mwenye akili zake angeshuka ngazi tatu tatu. Zoraiz akauliza, "Bendi gani wewe?"

Sauti ikanyamaza, kama imefikiri. Ikaendelea.

Akakaa hadi adhana ya isha. Kesho yake magharibi akapanda tena, na siku iliyofuata. Akikohoa, ile sauti ilisimama ikamngoja amalize. Ni nani mwingine aliyekuwa akimngoja amalize chochote? Akairekodi kwa simu, akaituma kwenye grupu. "Namba moja ya mwaka. Msibishane."

Safari hii Mobeen alipiga simu mwenyewe.

"We Zoraiz, siku hizi unavuta nini?"

"Umesikiliza?"

"Nimesikiliza yote, wallahi. Ni wewe peke yako unasema wah, wah, mukarrar, kama babu aliyelewa harufu ya pilau. Wimbo uko wapi?"

"Masikio yako yameganda barafu huko Kanada."

"Ndugu yangu, hakuna wimbo. Kuna upepo na kuna wewe." Mobeen akateremsha sauti, na Mobeen si mtu wa kuteremsha sauti. "Halafu kuna kitu kingine. Kila ukisema mukarrar, mtu anavuta pumzi. Kama anayejiandaa. Nilidhani ni wewe, lakini wewe unakuwa bado unaongea."

"Acha kunitisha."

"Shuka huko juu, Zoraiz. Magharibi si saa ya kukaa paani. Hata mimi mlevi wa magitaa najua hilo."

Zoraiz akakata simu akacheka. Wivu, akasema. Mtu akiishi na theluji anawaonea wivu wenye moshi.

Asubuhi akafungua albamu ya kumi kwenye orodha yake. Kimya. Namba za sekunde zilikuwa zinatembea, lakini masikioni hakuna kitu. Akazipiga hedifoni gotini, akazitukana, akafungua ya tisa. Kimya. Kufikia mchana albamu zote kumi zilikuwa zimekuwa bubu, na *Shangazi Anauliza* ndiyo iliyozimika mwisho, katikati ya neno. Kazini akaweka video ya bibi harusi anayeagwa kwao, mama zake wanalia, midomo wazi, machozi, na kilichotoka spikani ni ile sauti kavu inaimba juu ya kitanda cha wawili. Mjomba wake akaja akasimama mbele yake, akasema kitu huku anapunga kalamu, na kinywani mwa mjomba pia ikatoka ile sauti, imeendelea pale pale ilipoachia.

Akatoka nje mbio. Barabarani bajaji zilipita bila muungurumo, muuza viazi vitamu alifungua kinywa akiita wateja na ule ubeti ukateremka mwishoni kama kawaida yake, watoto wa shule wakacheka bila kicheko, na Zoraiz akawa anatembea upesi, kisha anakimbia, huku anajiambia ni masikio tu, ni baridi, ni nta, atakwenda kwa daktari, na kila alipojiambia hivyo harufu ya udongo mbichi ilimpita puani kama mtu anayetembea hatua moja nyuma yake, hadi alipousukuma mlango wa kwao na kusikia, dhahiri kabisa, tamu kuliko albamu yoyote aliyowahi kuipa nafasi ya kwanza, mama yake akilalamika kwamba gesi imekatika tena.

Akaketi kwenye sakafu ya jikoni.

"Una nini wewe, umefukuzwa kazi?"

"Endelea kuongea, mama."

"Niongee nini? Gesi hakuna, dengu hazijaiva, mwanangu kakaa chini kama ombaomba. Unataka niseme nini zai—"

Mdomo wake uliendelea. Neno lilikatwa hapo hapo, kama kwa mkasi. Kisha likarudi, "—au niite mjomba wako?"

Ndipo alipoogopa kweli. Ilikuwa imebaki sauti moja duniani, na hiyo nayo ilikuwa imeanza kuliwa. Akamweleza mama yake kila kitu, kichwa chini, kama mtoto aliyevunja bakuli.

Mama hakupiga kelele. Alijifunga shali akaenda kumleta binamu yake, Khala Surayya, yaani mama mdogo Surayya, ambaye mchana hunyoa nyusi za mabibi harusi kwenye saluni ya sebuleni kwake, na akiitwa hutoa majini. Akaja na uzi wa kunyolea bado umemning'inia shingoni. Zoraiz aliona midomo yake ikicheza na hakusikia ila wimbo, kwa hiyo maneno ya Khala yakawa yanapita kwa mama, na kwa mama yalifika yakiwa na mashimo.

"Anauliza, lilikuwa linakuimbia wewe, au lilikuwa linaimba tu?"

"Linaimba tu. Mimi ndiye niliyeliomba lirudie."

Khala akajipiga kipaji cha uso. Akasema mengi. Mama akayasafirisha taratibu.

"Anasema halijakuvamia. Umelialika. Anasema wewe ni mp— na baba yako alikuwa mp— vile vile. Mwimbaji akiambiwa mukarrar hawezi kuondoka, aibu. Binadamu hivyo, jini hivyo. Atarudia mpaka aliyeomba amwambie imetosha."

"Na kwa nini linakula sauti za watu?"

Mama akageuka kumsikiliza binamu yake. Alipomgeukia tena mwanawe, uso ulikuwa umebadilika.

"Anasema hali— chochote. Linatuliza ukumbi. Ili usikie vizuri."

Zoraiz akaziba masikio kwa viganja; wimbo ukabaki pale pale.

"Magharibi hii utapanda nasi. Utaliambia imetosha. Na utaliambia hukuupenda wimbo, maana likijua umeupenda litarudi. Useme kama unavyosema kweli. Unanisi— Zoraiz, una—"

Wakapanda watatu. Khala akatupa mbegu za kufukiza kwenye makaa, moshi ukaungana na moshi, akasoma aya akinyunyiza maji ya chumvi pembe nne za paa. Zoraiz hakuzisikia aya. Alisikia wimbo, na haukuwahi kuimbwa vile. Ulikuja na ubeti ambao hakuwahi kuusikia, uliokuwa juu ya paa lenyewe, juu ya spika iliyopasuka na vijana wanne chini ya blanketi moja, na sauti ile ikashuka pole pole mwishoni mwa kila jina, Mobeen, na wale wawili, na mwisho likatajwa jina lake yeye, likabaki hewani. Kisha ikanyamaza. Ikangoja.

Mama alikuwa amemshika mkono. Alikuwa akimwambia jambo. Midomo tu.

"Basi," Zoraiz akasema. "Imetosha. Sikuupenda."

Kwenye tangi kukasikika kitu kidogo sana, kama mgeni anayetafuta viatu vyake mlangoni huku hataki kumsumbua mtu. Harufu ya udongo ikaisha. Na dunia ikamwangukia kwa mpigo mmoja: honi, kunguru, jenereta la jirani, Khala Surayya akisema kwa sauti nene ambayo hakuwa ameitarajia, "Sasa huyu bwana aje saluni, nyusi zake zimeungana kama wapenzi." Mama akacheka huku analia. Zoraiz akasikia kicheko chote, hadi mwisho wake.

Jioni ile alikula sahani mbili. Mobeen alipiga simu, akasimuliwa yote, akamwambia mshukuru Mungu, bwege wee, kisha mtu akamwita huko kwake akakata kabla hawajafika kwenye albamu. Zoraiz akatuma orodha yake, *Shangazi Anauliza* ya kwanza. Vidole gumba viwili.

Kesho yake alizisikiliza zote kumi, moja baada ya nyingine. Zilikuwa zimerudi salama, magitaa yanalia, ngoma, chafya na yote. Zilikuwa nzuri. Hakuna hata moja iliyojua kama yupo.

Jua lilipozama kwenye moshi alikuwa juu ya paa, na hata usiniulize alifuata nini, maana jibu lake lingekuwa kwamba amepanda kuangalia kama tangi linavuja. Akakaa kwenye kitanda cha kamba. Akavua hedifoni. Akasikiliza kunguru, jenereta, mtu akimkaripia mtoto, vitu vyote alivyovilipia, na kila kimoja kilikuwa kikisemwa kwa mtu mwingine.

"Nilidanganya," akasema, kwa sauti ya chini. "Niliupenda."

Kunguru wakanyamaza kwanza.

Chini, mlangoni mwa jikoni, mama yake alitokea na kikombe cha chai mkononi, akainua uso kumtafuta kwenye moshi. "Zora—" akaita, na mdomo wake ukaendelea kuita, mara moja, mara mbili, kikombe kikitoa mvuke, uso ukianza kuingia hofu. Zoraiz akamtazama midomo kwa muda mrefu. Kisha harufu ya mvua ikapanda ngazi, ikampita mama, ikafika, naye akasogea upande mmoja wa kitanda, akaacha nafasi ya mtu kukaa.