Nilichomoa Waya, Mshale Ukalala

Hapana, haikuwa breki iliyosimamisha gari yetu siku ile. Watu wa Kedowa wote wanasema ni breki, na mimi nimewaacha waseme hivyo miaka hii yote... Mke wa pasta, andika hiyo kwanza, kabla hata hujaniuliza. Haikuwa breki!

Wasomaji, mimi ni mama mzee. Miaka yangu siijui sawasawa, hakuna mtu aliandika siku nilizaliwa. Shule nilikuwa napita nje tu nikipeleka ng'ombe mtoni. Kwa hivyo mimi nasema, mke wa pasta anaandika. Mkikuta maneno matamu ya kanisa humu ndani, jueni ni yake.

Ilikuwa ile miaka ya tisini. Nilikuwa mama wa kama arobaini na tano, mwenye nguvu, na mdomo! Pale tunapouzia majani chai hakuna mtu singeweza kuiga sauti yake. Wamama walikuwa wanaweka gunia chini ndio wacheke vizuri. Siku hizi nikiiga, hakuna anayecheka. Wengi nawaiga wamekufa...

Mzee wangu, Baba Chebet, alikuwa na pickup kuukuu. Mvua ikinyesha na lori ya kiwanda ikizama kwa matope, sisi ndio tulikuwa tunabeba majani ya jirani pamoja na yetu mpaka kiwandani. Lakini rejeta yake, ile ya maji ya kupoza injini, ilikuwa inavuja. Na mzee alikuwa ameambiwa achunge ile saa ndogo mbele ya usukani, ile ya kuonyesha moto ya injini.

Mimi sikujua kusoma herufi zake. Upande wa baridi kulikuwa na herufi kama mwezi mchanga. Upande wa moto kulikuwa na herufi kama geti. Mshale ukikaribia geti, mzee anasimama hapo hapo! Anafungua boneti, anakunja mikono. Mnajua sisi Wakipsigis vile ulimi wetu unageuza maneno; mzee anasema: "Mama Chepet! Kari imechemka! Hakuna kwenda!" Tunakaa. Tunangoja. Anaongeza maji na kijiko, unafikiri ni dawa ya mtoto!

Na majani je? Mnaolima chai mnajua. Majani yakikaa kwa gunia yamebanwa, juu yanabaki baridi, katikati yanapika. Karani wa kiwanda anaingiza mkono mpaka kwa kiwiko, anafunga macho kama mtu anaomba. Halafu: "Hii imeungua, mama! Rudisha! Next!" Gunia tatu, gunia nne zinarudi nyumbani. Jirani wananiangalia mimi, hawamwangalii mzee.

Halafu siku moja ile saa ikafa. Yenyewe, kwa haki yake. Mshale ukalala kwa ile herufi ya mwezi, haukuamka tena. Wasomaji, hizo zilikuwa wiki tamu! Mzee hakuwa na kitu cha kumwogopesha. Tulikuwa tunapanda milima hatusimami, na majani yalifika mabichi kama yamechumwa saa hiyo. Mimi nikasema, kumbe shida ilikuwa ni hii saa!

Lakini mzee hakutulia. Akaita Fundi Okoth. Huyu alikuwa Mjaluo wa upande wa ziwa, kwake shida ni sida, amekaa kwetu miaka mingi, mpole, anacheka na kila mtoto. Akainama kwa boneti. "Mama, sida si fyusi. Sasa tuone kama saa ni mgonjwa ama ni huyu anamtumia habari." Akanionyesha kitu kidogo kama kofia ya shaba, imefungwa kwa injini, na waya moja imeingia juu yake. Akachomoa ile waya, akaigusisha kwa chuma ya injini, akamwambia mzee awashe swichi. Mshale ukaruka mpaka kwa geti! "Ona! Saa ni msima. Waya ni msima. Mgonjwa ni hii sensa." Akaleta ingine kutoka Kericho, akafunga, akafinya waya na plaisi. Mshale ukapona.

Na mimi nilikuwa nimesimama hapo na kikombe chake cha chai, nikiangalia mkono wake. Nilisoma siku hiyo, mimi ambaye sikusoma...

Tukarudia kusimama milimani. Gunia zikarudia kurudi. Asubuhi moja, mzee akiwa kwa kukamua ng'ombe, nilifungua boneti, nikachomoa ile waya. Ni rahisi kama kuvunja jani! Mshale ukalala.

Okoth akaitwa. Akakuta waya nje, akakuna kichwa. "Mzee, mimi nilifinya hii na plaisi..." Akairudisha. Nikachomoa tena. Mara hii nikaikunja, nikaificha nyuma ya paipu ya maji, nikaifunga isining'inie. Mzee hata hakufungua boneti. Alipandwa na hasira, akaenda mpaka kibanda cha Okoth kando ya barabara, na watu wote wakisikia: "Wewe ni mwisi! Uliniuzia kitu imekufa! Usikanyage kwangu tena!"

Okoth alinitafuta kwa macho. Nilikuwa nyuma ya mzee. Ningesema neno moja tu... Lakini nilifanya nini? Nikaenda kununua vitunguu! Na baada ya hapo watu wakaacha kumpelekea kazi. Mzee wangu alikuwa anaheshimiwa, na neno lake lilimkalia Okoth kama tope kwa nguo nyeupe.

Basi tukabeba majani. Nilikuwa nafurahi, wasomaji. Msichana wetu wa pekee, Chebet, alikuwa ameolewa kule chini Fort Ternan, na alikuwa na mimba ya kwanza. Jioni nilikuwa nashona sweta ya mtoto. Manjano, kwa sababu hatukujua ni mvulana ama msichana.

Ikafika siku ya huzuni. Asubuhi mtu alikuja mbio kutuambia Chebet ameshikwa na uchungu toka jana, na mkunga ameshindwa. Tukawasha gari, tukateremka Fort Ternan. Kuteremka hakuna shida, injini haifanyi kazi ngumu. Tukamweka Chebet katikati yetu, kichwa kwa bega langu, tukaanza kupanda kwenda hospitali Kericho.

Nilikumbuka ile waya saa hiyo. Mnasikia? Nilikumbuka! Hatukuwa tumeongeza maji asubuhi hiyo, kwa sababu ya haraka. Ningesema, "Baba Chebet, simama, angalia maji." Lakini angeuliza, kwa nini, na mshale umelala baridi? Ningejibu nini mbele ya msichana wangu? Nikafunga mdomo. Mimi! Mdomo wangu ambao haujawahi kufungwa!

Mzee alikuwa anaangalia saa, anafurahi. "Ona, Mama Chepet, paridi kama maji ya mto. Leo Munku yuko na sisi." Akakanyaga mafuta.

Lakini sakafu ya gari ilikuwa inachoma miguu yangu ndani ya gamboti. Na harufu... Ile harufu ya chuma kikavu kwa moto, mpaka leo iko kwa pua yangu. Mkono wangu umechuma chai toka utotoni, unajua kitu kinachopika ndani na juu kimetulia. Nilijua! Nikaimba wimbo wa kanisa ndio nisisikie vile najua.

Kwa mlima wa mwisho, Kericho ikiwa karibu, injini ililia mara moja kama ng'ombe anayechinjwa. Ikashika. Moshi mweupe, halafu kimya. Chai pande zote, jua limewaka vizuri. Na Chebet akafungua macho akauliza polepole, "Mama, mbona tumesimama?"

Sikumjibu... Mpaka leo sijamjibu.

Wamama waliokuwa wanachuma kwa shamba lile walitupa vikapu, wakaja, wakatuzungushia zile plastiki wanafunga kiunoni. Mtoto alitoka hapo kando ya barabara. Msichana. Hakulia. Trekta ya kubeba majani ikamchukua Chebet, amelazwa juu ya majani mabichi, damu ikienda. Hospitalini nesi alimgusa shingo, akavua kofia yake. Tuliwazika wawili, siku moja.

Wasomaji, mimi silali vizuri. Mwezi mchanga ukitoka juu ya chai, naingia ndani nafunga mlango, kwa sababu ni ile herufi. Nikisikia gari imesimama barabarani, najua ni nani anauliza swali. Nawaiga watu wote, lakini sauti ya Chebet siigi. Inakuja yenyewe.

Nawaomba, nyinyi mnaosoma hii: kama umeharibu kitu, sema leo! Sema hata kama watakucheka, hata kama watakupiga. Usiache mtu mwingine aitwe mwizi kwa kazi ya mkono wako. Ile aibu nilikuwa naogopa ni ya kunywa na kikombe. Hii nimepata, nakunywa mto mzima na haiishi.

Mzee hakula tena chakula kutoka kwa mkono wangu. Alihamia kwa ndugu yake, akafia huko, na kwa mazishi nilikaa na wageni.

Maana wiki moja baada ya kumzika Chebet, alimtumia Okoth habari aje aone injini. Na Okoth alikuja, baada ya yale matusi yote, akavua kofia kwanza akasimama kwa kaburi. Halafu akafungua boneti, akaingiza mkono nyuma ya paipu. Hakuniangalia. Aliita tu, "Mzee, kuja."

Mzee akainama. Akafungua lile fundo lililofunga waya kwa kucha, polepole, akaliinua kwa jua, likiwa limeungua upande mmoja. Halafu akageuka kwangu, na hakupiga kelele.

"Hii ni uzi ya sweta ya mtoto."